Kadi Moja, Mutinda

Mutinda, kaka yangu mbishi,

Nimeamua. Kadi ni moja. Najua huko uliko umeshaanza kutikisa kichwa, lakini leo utanisikiliza hadi mwisho. Huwezi kunikatiza, na hiyo ndiyo faida pekee niliyopata tangu kile kifua kikuchukue.

Kwanza habari za nyumbani. Mwaitu anakula sasa. Ile miezi ya mwanzo mama alikuwa anapika sufuria nzima ya isyo, mahindi na maharagwe ya kulisha kwaya, kana kwamba utaingia na njaa, halafu anakaa kuiangalia ikipoa. Siku hizi anapika ya kutosha. Viatu vyako tulimpa rafiki yako Kioko. Vinamtosha vizuri, ila havipaki rangi, aibu tupu.

Na duka lako la gemu sasa ni langu, ingawa hakuna aliyenipa kwa furaha. Kwenye kikao cha familia Baba mdogo alisema chumba kiko mahali pazuri, karibu na stendi, na kwamba msichana kushinda na vijana wanaopigia skrini kelele si maisha. Yeye anataka kuuza simenti pale. Nikaomba muda. Wakaniambia sawa, likizo ya Agosti ikiisha na duka halijasimama, chumba ni cha simenti.

Sasa unaona nilivyokuwa nimebanwa. Kompyuta ndogo zinajikokota zenyewe, lakini watu wanakuja kwa ajili ya mashine kubwa, ile uliyoijenga kwa mikono yako kwa lile gemu jipya la vita. Nayo ilikuwa imechoka. Picha zinakwama, askari anaruka anagandia hewani, watu wanapiga meza. Wakaanza kuhamia kwa yule jamaa aliyefungua karibu na uwanja. Pesa niliyokuwa nayo ilitosha kitu kimoja tu. Ama ninunue pacha wa kadi yako ya grafiki, nizifunge mbili pamoja kama ulivyopanga, ama nimrudishie yule muuzaji wa Nairobi kadi yako, nimwongezee kitu, anipe moja yenye nguvu zaidi.

Kadi yako. Ile uliyoipakata kutoka Nairobi hadi mlangoni, ukakataa kuiweka chini hata ule ndizi.

Kioko hakutaka kusikia. "Mutinda alisema mbili." Nikifungua mdomo, Mutinda alisema mbili. Wateja nao, Mutinda alisema mbili. Aiya! Ungedhani umeacha wosia. Ukiwa hai nilikuwa nakujibu bila kupumua, na sasa umekufa nikashindwa kuwajibu watu wako. Nakumbuka ulivyokuwa unanieleza mezani, umeshika vijiko viwili, mdomo umejaa: hiki kinachora picha hii, hiki kinachora inayofuata, zinatoka haraka maradufu. "Na moja ikifa, Mwende, nyingine inabaki." Sikuyapenda hayo maneno wakati ule, na sasa siyapendi kabisa.

Haya, nikakuheshimu. Nikasema tujaribu kwanza. Binamu yake Kioko wa Athi River ana kadi kama yako, akatuazima. Jumapili baada ya kanisa tukafungua mashine, tukapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli kama ulivyonifundisha, tukazipanga zote mbili, tukaziunganisha na kile kipande kidogo cha juu. Mutinda! Lile gemu lilitiririka. Moshi, nyasi, maji yanayong'aa, kila kitu. Kioko akanikumbatia akalia, nami nikalia. Nikasema kwa sauti mbele yake, haya, umeshinda.

Hilo neno nimelifuta. Jumapili ilitudanganya sote.

Maana Jumapili jirani yetu Mama Ndinda hafungui saluni. Unajua tunagawana naye mita ya umeme, na mpango wenyewe mliuweka wewe na yeye: kabla hajawasha ile draya yake kubwa ya kukaushia nywele, anagonga ukuta, sisi tunasimamisha gemu, taa zinafifia, zinarudi, tunaendelea. Wageni hushangaa, wateja wetu wamezoea. Basi wiki ile draya haikupata mteja hadi Jumamosi. Siku hiyo kulikuwa na harusi, saluni imejaa wasimamizi wa bibi harusi. Mama Ndinda akagonga kwa adabu kama siku zote, tukasimamisha. Akawasha. Mashine kubwa, pu, ikazima. Tukaiwasha. Akagonga tena, akawasha tena, ikazima tena. Vijana walikuwa wametoka Kangundo kuja kucheza. Walichukua kofia zao wakaenda zao. Kadi mbili zinakula umeme kwa pupa, na huu wetu ukififia hata kidogo, pawa saplai inayolisha mashine inakata tamaa. Wewe pia ulikuwa unajaribu vitu vyako Jumapili, kwa sababu ndiyo siku ya nafasi. Hakuna aliyewahi kufikiria saluni.

Na si hilo tu. Gemu la mpira, ambalo ndilo linalotulisha, halikujua hata kama kuna kadi ya pili. Nilizigusa watu wakicheza: moja ya moto, nyingine imepoa, imekaa tu. Na ile hesabu yetu ya kujumlisha kumbukumbu za kadi mbili ziwe moja kubwa, wapi! Kila moja inabeba mzigo uleule, kivyake. Ningekuwa na wewe hapa ungebisha wiki nzima, halafu ungeenda kuhakikisha kwa siri.

Kumwambia Mwaitu ndiko kulikonitoa jasho. Alisema kuuza hiyo kadi ni kukuuza wewe. Alisema kwa sauti ya chini, anachambua maharagwe, hakuniangalia. Nikamwambia, Mwaitu, viatu vyake tulimpa Kioko ili vitembee, hatukuvitundika ukutani. Hata kadi iende kwa mtu aitumie. Akatoa jiwe moja kwenye ungo. Halafu akasema, "Basi huyo naye asisahau kuipaka rangi." Tulicheka, Mutinda, mimi na yeye, mara ya kwanza tangu tukuzike, mpaka ungo ukapinduka maharagwe yakatapakaa jikoni.

Kwenda Nairobi niliipakata njia nzima. Pale kwa muuzaji mkono ulikataa kuiachia. Nilisimama kwenye kaunta kama mjinga, machozi yanatiririka, wateja wengine wanajifanya wanaangalia kibodi. Kisha nikaiachia. Sitakuficha, iliuma sana.

Kadi mpya ni ndefu kama nini, ilibidi Kioko akate bati ndani ya mashine ndipo ikakaa. Aliikata huku amenuna, akamaliza, akacheza raundi moja, sijamsikia tena na mambo ya mbili. Mama Ndinda anagonga, anawasha, na mashine haijazima hata mara moja. Lile gemu la vita halitiririki kama Jumapili ile, nakubali, lakini linacheza vizuri kila siku, saluni ikijaa isijae. Vijana wa Kangundo wakarudi, wakaita na wa Matuu, wakapanga mashindano yao wenyewe.

Siku hiyo ya mashindano ndiyo Baba mdogo alikuja kupima chumba. Alisimama mlangoni ametupa mgongo, anasalimiana na mtu barabarani, amevaa lile koti lako la kijivu. Nikakuita. Nilikuita jina lako kwa nguvu, wachezaji wakainua vichwa. Akageuka, na mkononi ana futi ya kupimia.

Hakupata pa kupita. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi, wengine wamekalia kreti za soda. Kijana mmoja asiyemjua akamwambia, "Mzee, foleni inaanzia nje." Na Baba mdogo, ambaye hata kanisani hapangi foleni, akatoka nje akapanga. Alipoingia hatimaye alisimama nyuma ya mashine kubwa, akatazama ile skrini, akawatazama wale watu, akanitazama mimi. Akauliza, "Hii yote ni kazi ya Mutinda?"

Ningesema ndiyo. Ingekuwa rahisi, angelia, angetuachia chumba kwa huruma. Nikamwambia, "Mashine ni ya Mutinda, Baba mdogo. Kadi nimechagua mimi."

Akaikunja futi polepole, akaitia mfukoni mwa koti. "Basi simenti nitaitafutia mahali pengine," akasema, na akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anaongoza.

Pumzika sasa, kaka yangu. Usiwe na wasiwasi na Mwaitu, usiwe na wasiwasi na chumba. Na nakuahidi hivi: siku duka litakapopata ziada, nitajenga mashine ya kadi mbili, ya kwako tu, nione hicho ulichokuwa unakiota. Wateja hawataigusa.

Ya biashara niachie mimi.

Dada yako,
Mwende