Kamba za Lubondja

Jumatatu, 5 Julai 1954. Fizi

Leo Bwana Agronome, mkubwa wetu wa kilimo, ameisifu ripoti yangu mbele ya makarani wote. Ripoti ya kijiji cha Lubondja! Amesoma kwa sauti ile sehemu ya kamba. Niliandika kwamba mkulima wa shamba namba 31, jina lake Bonaventure, amefunga kamba za magome kutoka nyumbani kwake hadi shambani, na ndani ya shamba amefunga nyingine kati ya mistari ya pamba, zote zimenyooka kama rula. Niliandika "mkulima wa mfano". Pamba yake ndiyo safi kuliko zote tulizopokea msimu huu.

Mwenyewe sikumuuliza kitu. Nilimwona kwa mbali siku ya kuita majina, akajibu "Niko!" kwa sauti kubwa. Hiyo ilinitosha.

Assani, karani mkubwa, alininong'oneza kwamba sasa nitaanza kuvaa kofia ya kizungu. Sijui kama ni utani. Siku zote naogopa kusifiwa. Ukisifiwa, unatazamwa.

Alhamisi, 8 Julai

Imeamuliwa. Sikukuu ya Wabelgiji ya tarehe 21 kule Baraka, mkulima bora atapewa zawadi. Baiskeli! Imeshafika biro, hapa ofisini kwetu, bado ina karatasi kwenye usukani. Mshindi ataipanda mbele ya wageni, atazunguka mlingoti wa bendera mara moja, na Bwana Agronome atapiga picha.

Mshindi ni namba 31. Nimeagizwa kupeleka barua mwenyewe.

Jumamosi, 10 Julai

Nimerudi sasa hivi kutoka Lubondja. Naandika bila kuvua viatu.

Nilimkuta Bonaventure mbele ya nyumba yake, anachambua maharagwe. Nikamsalimu, nikamnyooshea barua. Hakuipokea. Uso wake ulinielekea sawasawa, anatabasamu, na barua imebaki hewani kati yetu. Nikadhani ni dharau! Nikaisogeza karibu zaidi. Ndipo alipotokea jirani yake, mwanamke aitwaye Adolphine, akainyakua.

"Karani, unangojea nini? Unazani ataisoma na pua?"

Kipofu. Huu ni mwaka wa nne sasa.

Kamba si za kunyoosha mistari. Ni njia zake. Moja inakwenda mtoni, moja kanisani, moja shambani. Katika nyumba mbili za wamama wazee wasioona kuna nyingine kama hizo. Kila jamaa ina kipande chake cha kukagua, na mvua zikiisha inakisuka upya. Shambani Bonaventure anashika kamba kwa mkono wa kushoto na kupalilia kwa wa kulia, kwa jembe lililokatwa mpini. Na kila Alhamisi majirani kumi na wanne wanaingia shamba lake kwanza, kabla hawajagusa ya kwao. Wanaiita siku ya Bonaventure. Ndiyo sababu pamba yake haina jani wala mchanga. Na mimi niliandika "mkulima wa mfano"!

Kapita Jacques, msimamizi wa kijiji, alikuja mbio, shati halijafungwa. Yeye ndiye aliyembakiza kwenye orodha ya wanaume wenye nguvu, wanaolazimika kulima pamba, mwaka baada ya mwaka. Nikamuuliza kwa nini.

"Karani, usituue. Kule Kilembwe kulikuwa muntu kama huyu. Bakaandika: kipofu. Kamyo ya serikali ikakuja, bakasema banamupeleka kwa nyumba ya basiojiweza, kule mbali, atapata dawa. Bibi yake anamungojea mpaka leo."

Adolphine alikuwa amemwomba mwalimu wa kanisa amsomee barua. Aliposikia habari ya baiskeli alicheka mpaka akakaa chini. "Kinga! Bonaventure, banakupa kinga ya magurudumu mbili! Kwa nini habakuleta na kioo ya kujitazama?"

Bonaventure naye alicheka. "Nitapanda. Batu batakimbia wenyewe."

Mimi sikuweza kucheka. Orodha mbili za mwisho zina sahihi yangu. Juu ya sahihi yangu kuna maneno yaliyochapwa: nimewaona na kuwahakiki mimi mwenyewe.

Jumatatu, 12 Julai

 Asubuhi nzima nilingoja nafasi ya kumwambia Bwana Agronome, nafasi ilipopatikana nikaulizia wino.

Bwana Agronome sasa anataka kamba katika vijiji vyote. Lulimba, Kilembwe, kila mahali! Ameniamuru nichape waraka. Nimechapa: "kwa mfano wa Lubondja". Nakala kumi na mbili. Atakayekosa kamba ataadhibiwa.

Assani aliniuliza kama nina malaria.

Jumanne, 13 Julai

Bwana Agronome anasema Ijumaa atakwenda Lubondja kuona kamba kwa macho yake na kumpa mkono Bonaventure. Nitafuatana naye katika gari.

Sikula mchana. Sikula jioni.

Alhamisi, 15 Julai

Safari imevunjika! Mkubwa kutoka Bukavu anakuja mapema, na Bwana Agronome lazima ampokee. Nilitoka nyuma ya ghala nikakaa juu ya magunia.

Saa kumi Kapita Jacques alifika, amevaa viatu. Tuliongea nyuma ya ghala palepale. Ana shauri: Raphaël, ndugu mdogo wa Bonaventure, atakwenda Baraka na kitabu cha utambulisho cha kaka yake. Wanafanana, na anajua baiskeli. Kinachotakiwa ni mimi tu, nitakaposimama kuita jina, nisishtuke.

Nilimjibu kwamba kitabu kina alama ya kidole. Akasema sikukuuni nani atatazama vidole. Nikamjibu kwamba huo ni uongo wa pili. Akanitazama kwa upole kabisa.

"We ulikuwa unafikiri tuko kwa uongo ya kwanza?"

Jumapili, 18 Julai

Nimepata kitu. Nimepekua kabati la sirkula, nyaraka za serikali, kwa kisingizio cha kufuta vumbi. Kuna moja ya zamani, karatasi imekuwa njano: asiyejiweza anaweza kuachwa kijijini kwake ikiwa watu wanaojulikana wataandika kwamba wanamtunza, na karani wa serikali ashuhudie kwamba ni kweli. Sio lazima apelekwe! Kule Kilembwe hakuna aliyewaambia.

Nimenakili maneno yote. 

Kisha nikafikiri mpaka mwisho. Karatasi hiyo itauliza: amekuwa kipofu tangu lini? Miaka minne. Basi orodha zilizomwita mwenye nguvu ni za uongo. Za nyuma ni mzigo wa Jacques peke yake. Mbili za mwisho ni mzigo wangu pia. Karani aliyeshuhudia uongo anakwenda gerezani, na baada ya gereza hakuna biro itakayompokea. Mama yangu huko Baraka anawaambia watu wote sokoni kwamba mwanawe anakalia kiti.

Raphaël akipanda baiskeli, hakuna atakayejua. Mwaka huu. Mwaka ujao watakuja kuangalia mkulima bora anaendeleaje.

Jumanne, 20 Julai. Baraka

Tumeshuka Baraka nyuma ya lori, kamyo ya serikali. Watu wa Lubondja walifika jana kwa miguu, wamelala kwa jamaa ya mwanamke aitwaye Zubeda, karibu na msikiti. Zubeda mwenyewe huwauzia dagaa. Nimewaona uani kwake.

Raphaël alikuwa pale, amevaa suruali safi. Lakini Bonaventure pia amekuja! Njia yote! Jacques alikuwa amekasirika sana.

Bonaventure aliwaambia wote, bila kelele, kwamba shamba hilo amelipalilia magotini. Kwamba wakiita jina lake, jina litajibiwa na yeye.

"Mi sioni, lakini siyakufa. Raphaël atafute pamba yake."

"Na kamyo?" Jacques akauliza. "Ikikubeba?"

"Itanibeba mbele ya batu bote. Haitanibeba kwa kujificha."

Adolphine akasema kama kamyo itambeba, basi wakubwa watafute kamyo kubwa, kwa sababu yeye peke yake anajaza kiti cha mbele. Wanawake wakacheka. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikawasomea sirkula. Nikaeleza mara mbili. Nikawaambia pia habari ya orodha, sikuficha.  Jacques alikuwa wa kwanza kuweka kidole kwenye wino. Wenzake kumi na watatu wakafuata, na jina la kila mmoja nililiandika mimi. Chini kuna mstari mmoja mtupu wa shahidi.

Nikasema nitaandika nyumbani, kwenye meza nzuri. Hakuna aliyenihimiza. Bonaventure aliutafuta mkono wangu akaushika. "Karani, hata ukikataa, ulituambia. Hiyo tunayo."

Nimefika nyumbani. Mama amenipigia pasi shati jeupe. Sijaandika.

Jumatano, 21 Julai

Niko mezani pembeni ya jukwaa. Naandika humu, watu wanadhani ni majina ya washindi. Bora niandike. 

Wageni wamekaa kivulini. Fanfare, bendi ya misheni, imepiga mara mbili. Baiskeli iko karibu na bendera, na Bwana Agronome hawezi kuiacha, anapiga kengele yake kama mtoto. Watu wa Lubondja wako kwenye benchi la pili, Jacques na wenzake, na Bonaventure kati yao. Adolphine anamweleza kila kitu kwa sauti ambayo hata mimi naisikia: "Sasa ule munene anajipepea na kofia. Sasa bibi yake anapiga miayo."

Zawadi za majembe zimekwisha. Inafuata medali ya kapita wa Lulimba. Kisha sisi.

Nimetia sahihi. Sikumbuki nilichovya kalamu saa ngapi. Jina langu lipo, na herufi ya kwanza imepinda.

Nimempelekea. Nilisimama, nikavuka, hatua nane, nikasema: Bwana, tafadhali isome hii kabla sijaita jina. Alikasirika kwamba sasa si wakati. Lakini ameichukua. Nimerudi kwenye kiti.

Anasoma. Wekundu umepanda shingoni. Amefika kwenye alama za vidole. Amefika chini. Ameuliza bila kunitazama: Isidore, hii ni sahihi yako? Nimesema ndiyo. 

Fanfare imenyamaza. Wageni wanangoja. 

Bwana Agronome ameinua kichwa. Hatazami huku. Anatazama benchi la pili, uso mmoja mmoja, anamtafuta. Wote kumi na watano wamemwelekea, hakuna aliyeinamisha macho. Amefika mwisho wa benchi. Anaanza tena upande wa kwanza. Hajui kipofu ni yupi.