Feza ya Bihogo

Karuba, siku ya tano ya juma

Masomo yangu imekwisha mbele ianze.

Papa aliuzisha Bihogo, ngombe yetu ya mwisho, ili niende Goma kusoma informatiki. Lisansi ya statistiki niko nayo tayari, lakini kwa ile kazi ya kufichua wizi ndani ya mabenki wanaomba statistiki, informatiki, na Kingereza juu yake. Kingereza, tulisema tutaona.

Feza tuliiweka kwenye telefone ya Mama sababu ya mabariere, kule njiani wenye bunduki wanasimamisha watu na kuwanyanganya feza. Kuibeba mukononi mpaka Sake, mbele ya kufika Goma? Hapana. Niliona tuko na akili.

Leo muntu mumoja alimupigia Mama, eti anatumika kwenye kampuni ya telefone. Hakuharakisha. Alimusalimia vizuri, akauliza habari ya watoto, ya shamba, ya ngombe. Huku kwetu, muntu mwenye kukuuliza habari ya ngombe, hauwezi kumukatia telefone.

Sasa telefone iko tupu.

Nilitaka kumukasirikia Mama, nikashindwa. Anakaa jikoni, anachambua tena maharagi yenye alikwisha kuchambua asubui. Na mimi, na lisansi yangu, nitabakia kulima viazi, ao...

Kitu kimoja njo kinanikatalia usingizi. Mama alimuelezea ule mwizi kila kitu, na furaha yote: "Mutoto wangu anaenda kusomea kazi ya kukamata wezi."

Akamujibu: "Mungu amubariki, Mama."

Kisha akamuomba namba ya siri.