Boya Lililotikiswa Sikioni

Mjukuu wangu Salumu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ihumwa sote tu wazima. Mama yako yuko Kibaigwa kwa shangazi yako, na mvua imenyesha.

Unasema umekaza kila nati, na kabureta ya gari lako kuukuu bado inavuja petroli. Pole. Nilipokuwa kijana, mfua bati wakati wa Wajerumani, bwana mmoja wa reli aliniletea gari lenye ugonjwa huohuo. Niliona bomba limelowa, nikalilehemu mara mbili, likavuja vilevile. Akasema lisipopona kufikia adhuhuri nitakula kiboko.

Nikaifungua kabureta yote juu ya gunia. Msichana wa Kigogo aliyekuwa akituuzia maziwa akaokota boya, lile kopo dogo la shaba linaloelea ndani na kuzuia petroli isifurike. Akalitikisa sikioni, kama wanavyotikisa kibuyu kusikiliza kama siagi imeshika.

"Humu mna kitu," akasema.

Boya zima huwa tupu; likiingiwa na petroli huzama, nayo petroli hufurika. Nililizamisha katika maji moto, mapovu yakatoka kwenye kitundu kama cha sindano. Nikaimwaga petroli iliyokuwamo, nikalianika juani hadi likakauka kabisa, ndipo nikaliziba kwa risasi ya kulehemia. Gari likawaka bila kudondosha hata tone.

Bwana akanisifu mimi, nami sikumtaja msichana. Msichana yule ndiye bibi yako. Hajanisema hata siku moja. Leo nimemsomea barua hii, akacheka sana, akasema, "Mwambie atikise la kwake."

Babu yako