Mama, Ulichougua Kina Jina

Mama, shikamoo.

Mjomba Rajabu amefungwa. Nilikuwepo mahakamani alipoingizwa na pingu. Ni kaka yako wa damu, lakini sikuweza kumhurumia. Bi Zena alitoa ushahidi huku mkono wake wa kulia ukining'inia. Haunyanyuki tena.

Ile asubuhi hainitoki. Umekaa kwenye kigoda mlangoni, mapaja yamekwisha, miguu iliyopanda na matenga ya kabichi milima yote ya Mgeta haiwezi hata kukuinua. Bi Zena jirani yako amekuletea uji. Mjomba anatoka kwa mganga, ameshaambiwa kuwa jirani huyo ndiye anayekula nguvu zako kwa uchawi. Hakuuliza kitu. Alimpiga kwa mpini wa jembe, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikamrukia mgongoni, akanibwaga ukutani. Ukasema, "Rajabu, mwache, hajanifanya kitu." Ulijaribu kusimama mara mbili, ukashindwa. Ndipo ulipojiangusha, ukatambaa, ukamlalia Bi Zena. Pigo lililofuata likatua kwenye nyonga yako.

Wana wa Bi Zena walimvunja Mjomba meno kwa mawe, wakachoma nyumba yake. Wiki haikuisha, tukakuzika.

Sasa sikiliza, Mama. Kile ulichougua kina jina: sarkopenia, misuli kuisha na nguvu kupotea uzeeni. Nimo katika kundi la wataalamu wa nchi nyingi tunaotafuta maana moja ya ugonjwa huo, kwa sababu kila nchi inapima kivyake na kwingine hawapimi kabisa. Tunakutana kwenye kompyuta, mimi nikiwa chumbani kwangu Kihonda. Mwezi uliopita wengine walishikilia kwamba upimwe ukubwa wa misuli tu, kwa mashine. Nilipiga meza, chai ikamwagika. Nikawaambia, "Kwetu mashine hiyo hakuna. Mama yangu alishindwa kunyanyuka kwenye kigoda. Sisi hatukuwa na jina la ugonjwa la kumpa mjomba wangu, mganga akampa jina la jirani."

Tulipopiga kura tukakubaliana kwamba nguvu ya misuli lazima iwemo, pamoja na ukubwa wake. Viwango vya kupimia bado tunavigombania. Nilizima kompyuta nikaipiga ngumi mpaka vidole vikavimba. Kura ile ilikuwa na faida gani kwako?

Na kuna jambo, Mama, sijamwambia mtu. Uliponilalamikia kwamba huwezi tena kukamua nguo, mimi, mtaalamu wa mazoezi tiba, nilikujibu, "Uzee tu, Mama." Ningekuanzishia mazoezi. Ningehakikisha unapata mayai na maharage. Sikufanya hata...

Jumamosi napanda Mgeta. Bi Zena amekubali niutazame mkono wake. Kisha nitasimama mbele ya watu niseme kwamba hukurogwa, kwamba Bi Zena hana kosa, na kwamba binti yako mwenye cheti aliona nguvu zako zikiisha akakuambia ni uzee. Nakuahidi, hilo la mwisho sitalimeza.

Pumzika, mama yangu.

Mwanao,
Mwajuma