Nyumba ya Gwalugano Isifutwe

Ibaba, Ileje
14 Julai 2025

Mpendwa mjukuu wangu Ipyana, mume wangu,

Hujambo huko Dodoma? Unakula, au bado unashinda na chai na vitabu? Mimi nipo. Baridi ya mwaka huu imenibana magoti, lakini napumua na nasali. Anayeandika ni Mwalimu Yonasi, jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Ile alama uliyotupigia hesabu, ya mahali pa kuweka bomba la kitongoji, imeleta ugomvi. Ulipokuwa hapa ulinieleza nikaelewa: unatafuta duara dogo kuliko yote linaloweza kuzingira nyumba zote, bomba linakaa katikati yake. Unasogea kidogo kidogo kumfuata aliye mbali zaidi, mpaka unafika mahali ambapo kila ukisogea unamwumiza mwingine. Kama punje ya ulezi ndani ya bakuli, ulisema, popote uidondoshee inashuka palepale. Na sisi wa kati hatulisogezi duara. Wa ukingoni ndio wanaolishika.

Basi mmoja wa ukingoni ni Gwalugano. Unajua Aprili aliteleza korongoni na ndoo kichwani, mimba ya miezi minane. Tulimzika na mtoto wake tumboni. Danieli, mumewe, akawachukua wale wawili waliobaki akaenda kwa kaka yake, huko Galula. Nyumba imefungwa.

Jana mkutanoni mwenyekiti Barnaba akasema, "Nyumba tupu inakunywa maji? Ipyana aifute, alama isogee huku kwetu." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Barnaba, ugali wa msiba wake ulikula ukaongeza, leo hata jina humtaji?" Akanijibu, "Bibi, si wewe bomba litakufikia mlangoni?"

Ni kweli. Ukiifuta, nitachota maji bila fimbo. Nimeliwaza, sikufichi.

Lakini ile nyumba haikuhamwa kwa kupenda. Imehamishwa na shida ya maji. Danieli akiniachia ufunguo alisema bomba likifika karibu, anarudi na watoto. Ukiifuta, hesabu yako itakuwa sahihi, na watoto wale hawatakuwa na kwao.

Barnaba atakupigia simu kabla mafundi hawajaja Alhamisi. Mkatalie kwa adabu, ni mkubwa wako. Akikuzidi maneno, mwambie bibi yangu amekataza.

Shangazi yako Teresia anakusalimu, na Shadrack pia. Mungu aliyemlinda babu yako akufunike.

Na kama ulikwisha kuifuta, irudishe leo.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda na kukugombeza,
Sekela