Mtandao Umepotea, Mama Mkwe Yuko Sebuleni

Jumatatu, 7 Julai

Chai, mkate, kompyuta. Kompyuta imewaka, mtandao hakuna. Nimezima, nimewasha. Hakuna. Nimejifunika blanketi magotini kwa baridi hii ya Julai, nikaanza upya. Alama ya wifi ina mstari mmoja tu, unakuja na kupotea kama mtu anayechungulia mlangoni.

Siku niliyoondoka kwenda kazini Kasumbalesa, mpakani, kila kitu kilikuwa sawa. Wiki nzima nimesimama kwenye malori na makaratasi ya forodha, nimerudi jana jioni, nakuta nyumba haina intaneti. Na Alhamisi saa nne asubuhi nina mahojiano kwa video na wakubwa wa kampuni moja, wako Kinshasa. Wanatafuta mtu wa kutengeneza makaratasi ya forodha akiwa hapa hapa Lubumbashi. Nikipata, basi, miaka kumi na moja ya kulala mpakani kwenye chumba cha kupanga imekwisha. Nikikosa, likizo hii ikiisha narudi.

Sitaki kurudi.

Halafu mama mkwe yuko hapa. Alifika Jumamosi kutoka Likasi kutibiwa jino. Mchana kutwa yuko sebuleni na rozari yake. Kwetu mwanaume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, hamwangalii usoni, hamsemeshi hivi hivi. Kwa hiyo naishi chumbani na napita mlango wa jikoni. Namheshimu sana. Lakini modemu yangu iko sebuleni pamoja naye.

Jumanne, 8 Julai

Bertine, mke wangu, amekuwa mikono yangu. Mimi nimesimama koridoni, yeye ndani. Zima modemu. Hesabu mpaka thelathini. Washa. Taa? Zote za kijani, anasema. Tumefanya hivyo mara nne. Mara ya tano amenijibu kwamba ana mboga ya sombe motoni.

Nimefuta jina la mtandao kwenye kompyuta, nimeliweka tena. Nimeondoa programu ya wifi, nimeirudisha. Nimejaribu intaneti ya simu: picha inaganda, sauti inakatika. Mtu akiniuliza swali Kinshasa, jibu litafika vipande vipande.

Saa tano nimempata mwizi. Papa Kazadi, jirani, fundi cherehani. Mwaka jana nilimpa neno la siri kwa roho nzuri, kumbe ananimalizia mtandao. Nimemwandikia ujumbe mkali. Nimejisikia vizuri kwa dakika kumi hivi.

Kisha amekuja mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Papa Fidèle, miye niko na modem yangu tokea Pasaka. Ya kwako nitafanya nayo nini?" Amenionyesha kwenye simu. Kweli kabisa. Masikio yangu yamewaka moto. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Hasira. Njaa pia, lakini sikula.

Jumatano, 9 Julai, mchana

Nimepeleka kompyuta mjini. Kutoka kwetu Katuba mpaka mjini, saa nzima, begi kifuani. Kwa fundi imeshika mtandao kabla sijakaa. "Machine iko bien, papa. Angalia modem." Angalia modemu! Ningeweza kuiangalia, ningekuja kwake?

Nimeulizia na kwenye cyber, kama naweza kufanyia mahojiano pale kesho. Hawana chumba cha peke yake, na muziki haukomi.

Nimerudi saa nane. Nyumba kimya. Bertine amempeleka mama yake kwa daktari wa meno. Nimeingia sebuleni kwangu kwa kunyata.

Juu ya kabati kuna bamba la shaba, pana kama meza, tembo watatu wamegongwa kwa nyundo. Modemu siioni. Nimechungulia: iko nyuma yake, imebanwa kati ya shaba na ukuta. Nimeliinamisha bamba, nikiwa na simu mkononi. Mistari yote imejaa. Nimelirudisha. Mmoja. Nimefanya mara tatu na nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Baba yangu alifanya kazi mgodini, shaba imenilisha tangu utoto, na leo ndiyo inaniziba.

Jumatano, jioni

Furaha haikudumu. Bamba lile nalijua. Baba mkwe, marehemu, alipewa siku ya kustaafu. Mama mkwe amelileta ndani ya blanketi kutoka Likasi, aipe heshima nyumba ya binti yake. Amelisimamisha mwenyewe, na modemu ameificha nyuma kwa sababu taa zake zinamsumbua akisali. Bertine aliyaona yote. Nilimuuliza taa, akanijibu taa. Siwezi kumlaumu.

Kusogeza modemu haiwezekani, waya umepigiliwa ukutani na ni mfupi. Kumwambia mama mkwe aondoe bamba la mume wake ni kama kumwambia arudi Likasi. Bertine amekataa kumwambia. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Baya zaidi limenijia wakati wa kula. Shaba ile inang'arishwa kila siku. Nimeishika kwa mikono miwili. Vidole vyangu vyote kumi viko pale, juu ya tembo.

Naogopa. Kesho na yeye, sijui kipi naogopa zaidi.

Alhamisi, 10 Julai

Saa tatu na nusu: shati jeupe, koti, chini suruali ya kulalia. Nimefungua kompyuta bila matumaini, nikitafuta maneno ya kuomba radhi kwa simu.

Mistari yote.

Sikuuliza. Nimefanya mahojiano. Dakika hamsini, picha haikuganda hata mara moja. Wameniuliza kuhusu makaratasi ya shaba inayovuka mpaka, nimejibu kama niko usingizini. Nadhani nimesema vizuri.

Nimetoka mlango wa jikoni nipate hewa. Mama mkwe ameketi uani kwenye kiti kidogo, mgongo kwangu, kanga moja tu mabegani, shavu limevimba. Bamba liko magotini. Ndimu na majivu, anasugua. Saa nzima, kwenye baridi ile, na shaba baridi mapajani. Bertine alikuwa karibu anaanika nguo. Mama mkwe hakugeuka.

"Bertine, ambia bwana yako ile tableau ya baba ilikuwa na alama za bidole. Njo maana niliitosha pale juu ya kabati. Kama angali na kazi, afanye tu pole pole. Haijatakata."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nimesema, "Bertine, ambia mama aksanti." Nimerudi ndani, nimekaa kitandani, nimelia kidogo. Si aibu, ni kufunguka tu.

Jumatano, 16 Julai

Wamepiga simu jana. Nimepata. Naanza mwezi wa nane.

Jumamosi nilikwenda kwa Papa Kazadi kuomba msamaha. Nilimwomba pia ashone koti zito la mwanamke, vipimo vya Bertine, mabega mapana zaidi kidogo. Alicheka, akasema alidhani nimekuja kumshtaki tena. Amelimaliza leo. Bertine amelipeleka sebuleni.

Baadaye Bertine amekuja na ujumbe: mama anauliza kazi mpya inaanza saa ngapi asubuhi, ajue saa ya kutosha tableau, kuiondoa kabatini.

Nimemrudisha na jibu. Bamba libaki alipoliweka. Fundi wa mtandao amekuja, ameweka waya mrefu, modemu imehamia koridoni.

Jioni nimepita jikoni. Mama mkwe alikuwa uani, koti limefungwa mpaka shingoni. Nimeinamisha kichwa, nimepita.

Begi langu la Kasumbalesa Bertine amelifua. Ameweka ndani yake mablanketi ya wageni.