Mashine ya Bibi Haikuuzwa

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Bibi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na wenzako wa kiwandani wanakutendea vyema. Sisi huku tuko salama. Magoti ya Bibi yanamsumbua asubuhi tu, yakishapata jua yanatulia. Mama alikuwa na kikohozi, sasa kimekwisha. Baba Mkubwa ana presha, na daktari ametuambia tusimuudhi. Nitakueleza hapo chini jinsi nilivyomuudhi.

Nimepiga simu yako mara nyingi. Inaita mpaka inakata. Sikulaumu, labda namba za nyumba hii zimekuchosha zote pamoja. Kwa hiyo nampa barua yule jirani yetu dereva wa lori, aliyekuletea blanketi mwaka jana, akukabidhi mkononi. Tafadhali kaa chini kwanza, ndipo uendelee.

Mashine ya kufuma ya Bibi imepatikana. Haikuuzwa. Haikuishia kwenye pombe, wala kwenye kamari, wala kwa mwanamke yeyote, kama ilivyosemwa hapa sebuleni nami nikiwa chini ya meza nikisikia. Iko humu chumbani ninamoandikia, na vumbi lake lote.

Imepatikana hivi. Manispaa iliipa shule yetu madawati ya zamani. Mwalimu wa zamu akachagua wavulana wenye misuli wakayabebe, kisha akanichagua na mimi, kwa sababu anajua siwezi kukataa. Stoo yenyewe ni jengo refu la mabati nyuma ya ofisi za soko. Ndani kuna kila kitu ambacho watu walinyang'anywa au walikisahau: mizani, viti vya kinyozi, baiskeli zisizo na tairi, hata mlango mzima na fremu yake, umesimama peke yake kama unasubiri nyumba.

Chini ya madawati kulikuwa na kitu kirefu chembamba kimefunikwa gunia, na juu ya gunia kimebandikwa kikaratasi: KINANDA KIBOVU. Rafiki yangu, tunayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake, akalivuta gunia ili atupigie wimbo. Hakikuwa kinanda. Zilikuwa sindano, safu moja ndefu, na kila baada ya sindano kumi, moja imepakwa rangi nyekundu ya kucha. Unajua nani alizipaka, ulikuwepo ukimshikia kichupa.

Na kwenye sindano lilikuwa linaning'inia sweta langu. Nusu ya mgongo wa sweta la shule, rangi ya damu ya mzee. Kile kigari kinachopita juu ya sindano kilikuwa kimekwama katikati ya mstari, palepale kilipokwama siku ile Bibi alipokwambia, "Ipeleke kwa fundi hivyo hivyo ilivyo, usinikatie uzi wangu." Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza.

Mtunza stoo ni mzee mcheshi anayetembea na redio mfukoni. Nilimuuliza kile kitu kimetoka wapi. Akasema kimetoka kwa fundi wa redio na cherehani, yule aliyeshindwa kodi ya pango. Manispaa ilimfungia duka, ikaja na gari ikasomba kila kilichokuwamo, vya kwake na vya wateja. Fundi akahama, asionekane tena. Vitu vimekaa humo miaka yote, na sasa stoo imejaa. "Ijumaa vyote vinapigwa mnada," akasema. "Kama unapenda muziki, njoo na hela."

Baba Mdogo, ulisema ulikuta duka lina kufuli. Ulisema kweli. Ulisema ulikwenda manispaa ukaulizia mashine ya kufuma, wakakujibu hawana. Ulisema kweli tena. Hawakuwa na mashine ya kufuma katika vitabu vyao. Walikuwa na kinanda.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, na sweta la sasa limenilowa jasho. Baba Mkubwa alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tuachane na mambo yaliyopita, yeye atamnunulia mama yake mashine mpya, ya kisasa, hata kesho. Nikaona anatazama kikombe, hanitazami mimi. Bibi akainuka. Aliingia chumbani kwake akatoka na foronya kuukuu iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mbele cha sweta langu na mikono yake miwili, vimekunjwa vizuri. Alikuwa amevilalia miaka yote hiyo. "Nitafutie viatu," akaniambia. "Kesho tunakwenda kuchukua mgongo."

Ofisa wa mali zisizodaiwa ana kiyoyozi na viti viwili vya wageni, kimoja kibovu. Aliomba risiti ya fundi. Bibi akasema risiti ulikuwa nayo wewe, na wewe ulishafukuzwa kwa maneno, ukaondoka nayo. Ofisa akafungua kompyuta yake, akatafuta, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa hatuna mashine ya kufuma. Tuna kinanda kimoja, kibovu."

"Sawa, mwanangu," Bibi akasema. "Kama ni kinanda, hebu kipige tusikie."

Mtunza stoo, aliyetusindikiza mpaka ofisini, alicheka mpaka redio ikamtoka mfukoni. Kitu kikaletwa juu ya meza. Ofisa alipoziona sindano alisema mashine za namna hiyo ni nyingi, na masweta ya rangi hiyo ni mengi zaidi, atajuaje kwamba ni yetu?

Hapo Bibi akafungua foronya. Unakumbuka alivyokuwa akifumia watoto wa mtaa mzima kwa wakati mmoja. Ili vipande visichanganyike, kila mtoto alikuwa na uzi wake wa rangi, anaupitisha kwenye kona ya kushoto ya pindo. Uzi wangu ulikuwa wa chungwa. Akaonyesha kona ya kipande cha mbele: chungwa. Mkono mmoja: chungwa. Mkono wa pili: chungwa. Kisha akakaa na mikono mapajani, wala hakuigusa mashine. Mtunza stoo ndiye aliyeinama akageuza pindo la ule mgongo uliokwama, akapuliza vumbi, akamwambia ofisa, "Bosi, chungwa hilo hapo. Labda useme hiki kinanda kilienda shule."

Ofisa akakubali kwamba ni yetu. Lakini akasema kuna gharama ya kuhifadhi, ya miaka yote, ndipo tuichukue.

Unanijua, Baba Mdogo. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma darasani. Hata nikijua jibu naliandika tu pembeni ya daftari. Lakini niliukumbuka ule usiku ulipoondoka na mfuko mmoja, nikasikia masikio yanawaka moto. Nikamuuliza mlitutangazia lini kwamba mnayo. Akasema tangazo lilibandikwa ubaoni kama sheria inavyotaka. Nikauliza ubao upi. Akanyoosha kidole dirishani. Ubao uko ndani ya stoo, Baba Mdogo. Nyuma ya geti lenye maandishi HAKUNA RUHUSA KUINGIA.

Nikasema, "Mlimtangazia nani? Zile baiskeli?"

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mtunza stoo akajifanya anakohoa. Ofisa alinitazama, akatazama geti, akachukua kalamu. "Haya. Naandika kwamba mmesamehewa gharama."

"Usiandike hivyo," Bibi akasema. "Sijakosa kitu, unanisamehe nini? Andika hatudaiwi."

Na akaandika hatudaiwi. Niliona kwa macho yangu.

Spika na mimi tuliibeba mpaka nyumbani, tukipumzika kila kona, watu wakituuliza tunakwenda kupiga kwenye harusi gani. Baba Mkubwa alikuwa mlangoni. Alitupokea upande mzito, akaondoa redio yake kwenye meza ya chumba cha nyuma ili mashine ipate pa kukaa.

Jioni tukila, akaniambia, "Profesa, ukimwandikia baba yako mdogo, mwambie nimeshamsamehe. Arudi nyumbani."

Niliweka kijiko chini. Nikasema, "Umemsamehe nini, Baba Mkubwa?"

"Leo umepata ulimi?"

"Ndiyo. Umemsamehe nini? Alisema duka lina kufuli, na lilikuwa na kufuli."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Nami sikunyamaza. Nilimwambia kwamba salamu hiyo siiandiki, kwamba kama anaitaka iandikwe aishike kalamu mwenyewe. Akasukuma sahani, akatoka nje. Nikaingia humu nikalia, maana sijawahi kumjibu mkubwa hivyo, na nikaogopa presha yake. Nilimwomba radhi asubuhi kwa sauti niliyotumia. Maneno sikuyafuta. Ndiyo maana katika barua hii huikuti salamu ya kusamehewa, na hutaikuta katika barua yangu yoyote.

Siku tatu baadaye alikuja akasimama nyuma yangu nikisoma. Akauliza kama barua imeshaondoka. Nikamwambia bado. Basi nimemwachia nafasi chini ya jina langu, na kalamu iko juu ya meza. Ikikufikia tupu, ujue angalau aliiulizia.

Jambo la mwisho ni la Bibi mwenyewe. Kuna fundi mpya sokoni ambaye alikuja akaitazama mashine, akasema kigari kile ni kazi ya mchana mmoja tu. Bibi akamshukuru, akampa chai, akamwambia aende. Anasema mashine hii ina mtu aliyetumwa nayo kwa fundi, na mtu huyo bado hajarudi. Hataki mwingine aiguse. Nilimwambia sweta lenyewe sasa halinipiti hata mkono. Akasema hayo hayanihusu, atalimaliza, kazi yake haiachwi katikati ya mstari. Kwa hiyo, Baba Mdogo, bado uko safarini kwa fundi. Bibi anakungoja.

Mama anakusalimu sana na anasema kitanda chako hakijapewa mtu. Spika anakusalimu ingawa hakujui. Dereva atakusalimu mwenyewe. Mungu akulinde kazini na barabarani, akupe usingizi mzuri, na akuondolee uzito ambao haukuwa wako kuubeba.

Ni mimi mwanao, niliyekupenda hata nilipokuwa chini ya meza,

Profesa

Mdogo wangu,
Kufuli lilikuwepo. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi na sijui niandike nini kingine. Wa kusamehe ni wewe, si mimi.
Kaka yako.